Ukoga wa Chini ya Ufizi

Katika mitaa ya Kariakoo, mjini Dar es Salaam, huuzwa miswaki ya namna mbili: ile ya dukani yenye nywele za plastiki, na ile ya kijiti cha mti. Yote ni mizuri kwa mtu asuguaye kila siku, lakini hakuna hata mmoja ufikao ndani chini ya ufizi.

Utando laini ulio juu ya jino usipoondolewa, chumvi za mate huugandisha, ukawa ukoga mgumu kama chokaa. Ukoga huo hushuka polepole kati ya jino na ufizi. Ndipo ufizi hutoka damu na kujitenga, na mfupa unaoshika jino huliwa kidogo kidogo. Ajabu ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi hauumi, basi mchuuzi huhesabu fedha zake, akasema, "Nitakwenda mwezi ujao." Miaka hupita, hata jino latikisika kama kigingi mchangani.

Kusafisha huko kuna gharama, kwani kazi yake ni ndefu. Mganga hutia sindano ya ganzi, kisha hukwangua mizizi, jino kwa jino, kwa vyuma vyembamba. Na mara nyingi mgonjwa huitwa tena siku nyingine ili kumaliza. Waganga wa meno hufundishwa Muhimbili, huko Upanga, si mbali na Kariakoo, tangu mwaka 1979.

Baadaye ufizi hushikamana tena na jino. Lakini mfupa uliokwisha kuliwa haurudi kama ulivyokuwa. Mganga huokoa ule uliobaki tu. Naye aliyekawia hulipa ili jino ling'olewe, kisha hulipa tena, fedha nyingi zaidi, ili atiwe la bandia.