"Dada, Neema Hajaishi": Somo kwa Wasomaji wa Hadithi za Mfululizo

Jumatatu na Alhamisi, saa tatu usiku, ndiyo saa yangu. Natuma sehemu mpya ya hadithi kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili na ushee, wengi wanachuo wenzetu, wengine siwajui hata kidogo, waliingizwa na rafiki wa rafiki. Nikishatuma nazima data, nachukua daftari, nashuka kwenye vimbweta kujifanya nabukua. Dakika kumi haziishi, nimeshawasha tena. Nikikuta "arosto jamani!" zimejaa, nalala vizuri. Nikikuta kimya, usingizi hauji.

Kwa ambao hawamo kwenye mambo haya: arosto ni hali ya msomaji aliyekatiwa hadithi pale penyewe, akabaki anahangaika kama mvutaji aliyekosa sigara. Mwandishi wa mfululizo anaitafuta makusudi. Mlango unagongwa, mama anafungua, anapiga yowe. Itaendelea. Ujanja huu ni wa siku nyingi. Waliokulia kwenye hadithi za Eric Shigongo katika magazeti pendwa wanaujua: unanunua gazeti la wiki ijayo kwa sababu ya mlango uleule.

Mhariri aliniomba somo kuhusu kuandika hadithi. Nimeomba nibadilishe kidogo. Waandishi humu chuoni tuko wachache, wasomaji ni wengi, na wasomaji wa mfululizo wanafanya kila wiki jambo ambalo hawakufundishwa na mtu: wanajibu hadithi ambayo bado haijaisha. Nadhani hawajui uzito wa jibu hilo. Mimi mwenyewe sikuujua mpaka muhula uliopita.

Bibi akisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", tulikuwa tunajibu, tena kwa sauti. Tuliweza kumkatiza, kucheka, kumwambia fisi ni mjinga. Lakini mwisho bibi alikuwa nao mkononi tangu mwanzo, sungura lazima aponyoke, leo na kesho. Kitabu kilichochapwa nacho ni vivyo hivyo: ukasirike vipi ukurasa wa 200, ukurasa wa 201 hautikisiki. Mfululizo uko katikati. Nusu imeshasomwa, nusu bado iko kichwani mwa mtu ambaye kesho mchana unaweza kusimama naye kwenye foleni ya chakula.

Tuliosoma nadharia ya upokezi tunamkumbuka Wolfgang Iser, yule Mjerumani anayesema matini ina mapengo na msomaji ndiye anayeyajaza. Alizigusa hata riwaya za mfululizo: ukiikata hadithi na kumwambia msomaji asubiri, umelipanua pengo, naye atalijaza kwa mawazo yake mwenyewe muda wote huo. Niliyaandika hayo kwenye noti kwa ajili ya UE. Sikufikiri kwamba siku moja pengo litanipigia simu.

Hadithi yenyewe ilimhusu Neema, msichana wa mwaka wa kwanza mwenye selimundu. Nilimpa ugonjwa huo kwa sababu ambayo leo naona aibu kuitaja: nilitaka machozi. Mpango ulikuwa sehemu 20. Ya 19 anakufa, ya 20 mpenzi wake anasoma barua aliyoachiwa. Barua niliiandika kabla hata ya sehemu ya pili, na nilikuwa naipenda sana.

Kufika sehemu ya 14, Neema akaanguka bafuni bwenini, kundi likachafuka. "Usimuue Neema." "Mwandishi ukimuua nalefti." Mmoja alinitumia elfu mbili kwa simu na ujumbe: hiyo ya soda, ila Neema apone. Soda nilikunywa. Mpango sikuugusa. Kilio chao nilikiona ni uthibitisho kwamba kifo kitafanya kazi, na kadiri walivyoniomba ndivyo nilivyozidi kunoa kisu.

Nilijiona niko na wakubwa. Desemba 1893, katika jarida la The Strand, Arthur Conan Doyle alimwangusha Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi. Alikuwa amemchoka, alitaka muda wa kuandika riwaya za kihistoria alizoziona za maana zaidi. Wasomaji walimwandikia barua za hasira, wengi wakaacha kulinunua jarida. Doyle alikaza. Mwaka 1901 alianza kutoa kisa kirefu cha mbwa wa Baskerville, lakini akakiweka kabla ya kile kifo. Mpaka 1903 ndipo Holmes aliporudi akiwa hai, na fedha nzuri ya wachapishaji ilisaidia.

Wale wasomaji walikuwa na nguvu, hilo halina ubishi. Ila ukiangalia walichosema, ni kimoja tu: tunamtaka. Mimi naliita jibu la kiu. Ni halali, na ndilo linalouza. Toleo la kwanza la Pickwick ya Charles Dickens, mwaka 1836, lilichapwa nakala kama 1,000 tu. Baada ya mtumishi mcheshi Sam Weller kuingia katika toleo la nne watu wakampenda, na kuelekea mwisho nakala zilikuwa zinafika 40,000 kwa mwezi. Kiu inakuambia nani anapendwa. Haikuambii kama huyo anayependwa umemuumba akawa mtu.

Siku mbili baada ya sehemu ya 14 nikapata ujumbe wa sauti, si kwenye kundi, bali inboksi. Dakika nne. Kaka ambaye sikumjua. Alisalimia, akaomba radhi kwa kunisumbua, kisha akasema:

"Dada, mimi nina selimundu. Sijaja kukuomba usimuue Neema. Watu wanakufa, na sisi tunakufa. Shida yangu ni kwamba Neema hajaishi. Sehemu kumi na nne, hajamkasirikia mtu, hajadaiwa, hajafeli hata testi moja. Anaumwa tu. Tena anaumwa vizuri, nywele hazivurugiki."

Halafu akaniambia mambo madogomadogo. Kwamba hatoki bila chupa ya maji, kwa sababu mwili ukikaukiwa maji maumivu yanaweza kuamka. Kwamba anachagua kiti mbali na feni, maana baridi nayo humwamsha. Kwamba maumivu yakija yanashika mifupa, mgongo na miguu, analazwa siku tano, akirudi testi imeshapita na lazima aanze kujieleza kwa mwalimu ambaye jana alimwona mzima. Kwamba macho yake yakiwa na umanjano kuna watu wanaamini anatumia vitu. Mwisho akataja mama yake mdogo. Hadithi yangu ilikuwa imesambazwa mpaka ikamfikia, naye akampigia usiku kumuuliza kama yuko salama. "Kila hadithi anayosoma," akasema, "mtu kama mimi yupo ili afe."

Nilikasirika. Sitaki kudanganya. Nikajiambia hii ni fasihi, si kipeperushi cha wizara. Sikumjibu siku tatu.

Katika kutafuta cha kujitetea nikaingia maktaba, nikaishia kwenye kisa kilichonivua nguo. Dickens tena. David Copperfield ilianza kutoka kwa matoleo ya kila mwezi Mei 1849. Katika toleo la Desemba akamwingiza Bi Mowcher, mwanamke mfupi sana wa kimo, mtengeneza nywele na mpamba watu, mwenye maneno mengi na dalili zote kwamba huko mbele atatumika katika uovu. Karibu na kwa Dickens aliishi mwanamke mwenye kimo cha namna hiyo, Jane Seymour Hill, aliyejipatia riziki kwa kutunza kucha na miguu ya watu. Alisoma, akajiona. Akamwandikia kwamba ameteseka miaka mingi kwa ajili ya mwili wake, lakini hajawahi kuteswa na mtu mwenye kipaji kikubwa hivyo. Dickens akajibu, akakiri kwamba baadhi ya mambo aliyachukua kwake, akaahidi kubadilisha. Na akabadilisha. Mowcher anaporudi katika matoleo ya baadaye analia, anamwomba msimulizi asimpime kwa mwili wake, na mwishoni ndiye anayesaidia kumkamata mtumishi mwovu Littimer.

Ukisoma kitabu leo, mshono unaonekana. Mowcher wa kwanza na Mowcher wa pili hawafanani sana, na wapo wanaoona kwamba riwaya iliharibika hapo. Mimi mshono ule naupenda. Ni alama kwamba kulikuwa na mtu upande wa pili wa karatasi. Halafu linganisha: maelfu walimlilia Holmes, na Doyle alikaa miaka kumi kabla ya kumfufua. Hill alikuwa mmoja, na barua yake ikageuza njia ya mhusika hadithi ikiwa bado inaendelea. Wale walijua wanachotaka. Huyu alijua kitu ambacho mwandishi hakukijua.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuibebe. Wala si lazima ujuzi huo utoke kwenye maumivu. Andy Weir aliweka The Martian kwenye tovuti yake sura kwa sura, na kati ya wasomaji wake walikuwamo watu wa kemia waliomwonyesha pale alipokosea hesabu zake za sayansi, akarekebisha. Kitabu hicho kilitolewa na mchapishaji mkubwa 2014, filamu ikaja 2015. Humu chuoni wamo wauguzi watarajiwa, wahandisi, watoto wa wavuvi, waliokulia kituo cha polisi kwa sababu baba ni askari. Kila mmoja anajua chumba fulani ambacho mwandishi anakichungulia dirishani tu.

Basi unapojibu, jibu kama shahidi. Ukiandika "nzuri sana, endelea" mwandishi anafurahi, mimi nafurahi, lakini hakuna nilichopata cha kufanyia kazi kesho. Niambie ulipoacha kusoma ukaenda kuosha vyombo. Niambie sentensi uliyorudia. Kama ulimwamini mama wa kambo mpaka aliposema jambo fulani, nitajie jambo hilo. Na kama unajua kwamba daladala ya njia hiyo haipiti hapo, sema. Usidhani ni udogo. Unaloweza kuliacha ni amri: muoze huyu, muue yule. Hapo unaniambia hamu yako, nami naweza kuisikia bila kuitii. Na likiwa jambo la aibu kwa mwandishi, fanya kama yule kaka, nenda pembeni. (Wanaokata jina la mwandishi kisha wakasambaza hadithi kama yatima, hao nina somo lao siku nyingine.)

Wenzangu mnaoandika, nina neno moja: kuwa na sehemu mbili tatu za akiba. Anayeandika saa mbili na kutuma saa tatu hana pa kumweka shahidi akija. Mimi nilikuwa nazo nne, za 15 mpaka 18, na nilizifuta zote. Sehemu 14 za mwanzo zilishatoka, mfululizo hauna kifutio. Kwa hiyo Neema wangu naye ana mshono. Kuanzia sehemu ya 15 anagombana na mwenzake wa chumba kuhusu feni, anadaiwa elfu kumi na tano anazoahidi kulipa bumu likitoka, anakosa testi, anamjibu mwalimu vibaya kisha anajuta. Kuna wiki nzima haumwi.

Haikupendwa. "Mbona hadithi imepoa?" "Mwandishi umechoka?" Watu zaidi ya thelathini walilefti ndani ya wiki mbili, na nilikuwa nawahesabu. Yule wa elfu mbili aliuliza kama Neema amepona, nikamwambia selimundu haiponi hivyo, akaniambia basi hakuna hadithi. Ile barua ya sehemu ya 20 bado ninayo kwenye simu. Sijaitumia. Sasa tuko sehemu ya 26 na kuna usiku naisoma peke yangu, naona bado ni nzuri.

Yule kaka nilimjibu siku ya nne, kwa maandishi, nikamshukuru. Alijibu "poa dada" basi, akanyamaza. Nikadhani ameacha kusoma. Sehemu ya 17 nikaandika Neema anashikwa na maumivu usiku, mwenzake wa chumba anamkimbizia kidonge cha haidroksiurea, anameza, baada ya nusu saa anatabasamu. Ujumbe ukaingia kabla sijazima data:

"Dada, hiyo siyo Panadol. Ile unameza kila siku hata ukiwa mzima, ili maumivu yasije mara kwa mara. Yakishakuja unahitaji dawa ya maumivu, maji mengi, na yakizidi hospitali."

Sehemu ya 18 inaanza asubuhi, Neema yuko kitandani wodini, anamgombeza mwenzake kwa kosa hilohilo, naye mwenzake analia kwamba alijua anasaidia. Niliikata pale daktari anapofungua pazia akiwa na karatasi ya majibu mkononi.

Saa tatu na dakika saba akaandika: "Hapo sawa. Ila dada, unakataje pale? Arosto!"