KUCHAGUA TOCHI

Mji Mkongwe wa Unguja ni mji wa nyumba ndefu za mawe na vichochoro vyembamba. Hata mchana vichochoro vingi havipati jua. Na usiku, umeme ukizimika, mtu hauoni hata mkono wake mwenyewe. Watu wa Unguja waijua vema habari hiyo. Umeme wao hutoka bara, nao hupita katika waya mnene uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Mwezi wa Mei, mwaka 2008, umeme ulikatika kisiwani kote, usirudi ila baada ya karibu mwezi mmoja. Tena tarehe 10 Desemba 2009 ulikatika mara ya pili, wala haukurudi mpaka Machi 2010. Taa zilizimika, na pampu za maji zikasimama. Mwaka 2013 waya mwingine wenye nguvu zaidi ulianza kutumika. Lakini hakuna waya usioweza kukatika, na mwenye busara huiweka taa yake tayari.

Katika giza lile la mwaka 2009, yasimuliwa, palikuwa na mzee mmoja, seremala, aliyekaa Mkunazini pamoja na mkewe na mjukuu wao. Kijana huyo alikuwa amenunua tochi ya kung'aa, ya kuchajiwa kwa umeme. Usiku wa kwanza ilimulika mpaka mwisho wa kichochoro, na watoto wa jirani wakaistaajabia. Usiku wa tatu ikazimika, wala haukuwapo umeme wa kuichaji tena.

Usiku huohuo bibi akashikwa na homa kali. Mzee na mjukuu wakamteremsha kwa kupapasa ukuta, kipandio baada ya kipandio, na ngazi za nyumba zile ni kali mno. Jirani mmoja akasikia sauti zao, akatoka na tochi yake kuukuu ya mawe mawili makubwa. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, wala haukuwa mkali; lakini ulitosha kuwafikisha hospitali ya Mnazi Mmoja, na bibi akapona.

Bibi alipopata nafuu, mzee alimwambia mjukuu wake, "Twende Darajani. Leo utajifunza kununua tochi."

Dukani kijana akaishika ile iliyoandikwa tarakimu kubwa kuliko zote. "Babu, hii ndiyo yenye mwanga mwingi."

Mzee akamgeukia mwenye duka. "Bwana, tochi hii yatumia mawe gani?"

"Mzee wangu, mawe yake ni ya namna ya peke yake. Yakiisha, huna budi kuyaagiza Dar es Salaam."

"Na ile pale?"

"Ile yatumia mawe ya kawaida, kama yale ya redio. Hata Makunduchi utayapata dukani."

"Basi," akasema mzee, "tuitazame ile."

Mzee alianza na swali lililo la kwanza. Tochi, au kurunzi kama wengine waiitavyo, haina nuru yake yenyewe; nuru yake imo katika mawe. Mawe yaliyo mengi madukani ni ya namna mbili: makubwa, yenye unene kama wa senti-mita tatu, na madogo, yenye unene kama wa kidole. Yote mawili, yakiwa mapya, yana nguvu ya volti moja na nusu. Tofauti yake ni akiba: jiwe kubwa la alkalini laweza kuhifadhi umeme mara tano au zaidi kuliko jiwe dogo la aina hiyohiyo. Kwa hiyo tochi ya mawe makubwa yafaa kukaa nyumbani, na ya mawe madogo yafaa kuchukuliwa mfukoni. Yako pia mawe membamba zaidi, ambayo hutiwa matatu matatu katika tochi nyingi za rahisi. Hayo hupatikana, lakini akiba yake ni ndogo sana.

Swali la pili ni la mwanga. Tochi za zamani zilikuwa na globu yenye uzi mwembamba uliowaka kwa joto, na sehemu kubwa ya nguvu ya mawe ilipotea katika joto hilo. Tochi za sasa zina kitaa cha LED, ambacho hakina uzi wa kukatika, nacho hutoa mwanga mwingi zaidi kwa nguvu ileile. Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni. Kushuka ngazi au kupita kichochoroni, lumeni 30 au 50 zatosha. Kutazama uani au shambani, 100 au 200 zafaa. Iliyo bora ni tochi yenye mwanga wa namna mbili, mdogo na mkubwa. Mdogo huyatunza mawe, na mkubwa hungoja haja.

Tena maneno ya sandukuni yasomwe kwa akili. Iko kanuni ya Marekani ifuatwayo na watengenezaji wengi. Kwa kanuni hiyo, saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga umepungua na kubaki sehemu moja tu katika kumi ya ule wa kwanza. Na umbali wa kumulika hupimwa mpaka pale ambapo mwanga ni hafifu kama wa mwezi mpevu. Basi asomaye "saa 20" asidhani kwamba tochi itang'aa vilevile saa zote ishirini. Na sanduku lisilotaja kipimo chochote, bali lina sifa tupu, halistahili kuaminiwa upesi.

Swali la tatu ni la uimara. Hewa ya kisiwani ina chumvi, na chumvi hula chuma. Mnunuzi afungue kifuniko, atazame kama springi ni imara na haina kutu, na kama mna mpira wa kuzuia maji. Kisha atie mawe, awashe na kuzima mara nyingi, na kuitikisa kidogo. Tochi inayopepesa dukani itazimika njiani.

Swali la nne ni la bei; nalo ni hesabu, si neno la kukisia. Mathalani tochi ya kwanza yauzwa shilingi 5,000, nayo hula mawe ya shilingi 2,000 kila juma. Ya pili yauzwa shilingi 12,000, lakini hula mawe ya shilingi 2,000 kila majuma manne. Baada ya majuma 12, ya kwanza imegharimu shilingi 29,000, na ya pili shilingi 18,000. Ndiyo maana wazee husema: Rahisi huvunja upishi.

Mzee alilipa, akachukua na mawe ya akiba. Njiani akamfundisha mjukuu utunzaji wake. Mawe mapya yasichanganywe na makuukuu, kwa maana yaliyochoka huharibika na kuvuja. Tochi isiyotumiwa muda mrefu itolewe mawe, kwa kuwa katika mawe ya bei ndogo gamba lenyewe la zinki huliwa kidogo kidogo, hata maji makali yakatoka na kuharibu springi. Watu wengine huyaanika juani mawe yaliyokwisha. Nguvu ipatikanayo ni kidogo na ya muda mfupi, na hatari ya kuvuja huzidi. Mawe yaliyokwisha yasitupwe motoni. Na vile vijiwe vidogo vya duara kama kifungo visiachwe penye watoto wachanga, kwa sababu kikimezwa huunguza koo na chaweza kuua.

Bibi alikuwa akingoja kibarazani. Alipoiona tochi mpya alisema, "Sasa kibatari kipumzike." Naye alisema kweli, maana kibatari kina moshi na moto, na nyumba za Mji Mkongwe zina dari za boriti, na za shamba nyingi huezekwa makuti.

Kijana akapiga msumari karibu na mlango wa ngazi, akaitundika tochi pale, isipate kutafutwa gizani. Hata usiku mmoja wa mwezi wa Februari, umeme ukiwa bado haujarudi, mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yule yule. Mtoto wake ameugua, na mawe ya tochi yake yamekwisha. Kijana hakuuliza neno. Akanyosha mkono penye msumari, akamtangulia, akimulika kila kipandio.

Katika Injili ya Mathayo mna kisa cha wanawali kumi waliotoka na taa kumlaki bwana arusi. Taa zote kumi zilikuwa taa. Lakini watano walikuwa na mafuta ya akiba, na watano hawakuwa nayo. Ndivyo ilivyo na tochi: iliyo bora ni ile ambayo mawe yake yapo saa inapohitajiwa.

MASWALI

1. Kwa nini tochi ya kwanza ya kijana haikufaa kitu usiku wa tatu?
2. Eleza tofauti ya jiwe kubwa na jiwe dogo.
3. Sanduku limeandikwa "saa 20." Maana yake ni nini?
4. Piga hesabu ya tochi zile mbili kwa majuma 24. Ipi ni rahisi zaidi, na kwa shilingi ngapi?
5. Itazame tochi ya nyumbani kwenu. Yatumia mawe gani, na duka la karibu lenye mawe hayo liko wapi?