Mbolea ya Ruzuku: Jipange Kabla ya Mvua

Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya serikali ya Kenya ulishushwa hadi shilingi 2,500 mwaka 2023. Mwaka 2022, kabla ya ruzuku hii, wakulima walikuwa wakitoa zaidi ya 6,000 dukani. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto. Usiikose kwa sababu ya namba ya simu iliyoandikwa vibaya.

Kama unalima Trans Nzoia, Bungoma au Uasin Gishu, anza kushughulikia usajili Januari. Machi ikikukuta bado unamtafuta chifu, umechelewa.

Usajili hupitia kwa chifu na wazee wa mtaa. Beba kitambulisho, taja zao unalopanda na ekari unazolima. Usajili ni bure. Anayekudai "ya chai", mkatalie.

Umesajiliwa zamani? Hakikisha namba ya simu. Vocha huja kwa SMS kwenye laini iliyo kwenye sajili, na hapa ndipo wengi huumia. Mama analima Kwanza, Trans Nzoia; namba iliyoandikwa ni ya kijana wake aliye Nairobi. Kijana anabadilisha laini, vocha inapotea, mama anarudi dukani kununua kwa bei ya juu. Anayelima ni mama, basi jina na simu ya mama ndizo ziandikwe. Laini ikipotea, irudishe ileile, usinunue mpya.

Ekari nazo zitaje kwa ukweli. Mifuko unayopewa hutokana nazo. Ukipunguza, utapungukiwa shambani.

Vocha ikifika, usimwonyeshe mtu namba yake, hata akikuahidi pesa taslimu papo hapo. Madalali hununua vocha za wakulima waliobanwa na shida, kisha mbolea ile inauziwa mtu mwingine kwa bei ya soko.

Kabla ya kwenda depo ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB), ulizia kama mbolea unayotaka ipo. DAP au NPK ni ya kupandia, CAN ni ya kukuzia mahindi yakifika magotini. Ukiweza, pima udongo kwanza. Mashamba mengi ya magharibi yana asidi, na DAP ya kila mwaka huiongeza. Huenda shamba lako linahitaji chokaa kwanza.

Nauli hula ruzuku haraka. Shirikianeni majirani, mkodi pikapu moja badala ya kila mtu na bodaboda yake.

Ukiwa depo, lipa kwa namba rasmi pekee na udai risiti. Kagua mfuko kabla haujapakiwa: mshono haujafumuliwa, alama ya shirika la viwango (KEBS) ipo, uzito umetimia. Mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango iliuzwa katika depo hizohizo, na waliouziwa wakaahidiwa fidia. Mkulima asiye na ushahidi atadai nini? Kwa hiyo tunza risiti, mfuko mtupu na konzi mbili za mbolea ndani ya karatasi ya nailoni hadi uvune. Ukiona punje zinafanana na mchanga au haziyeyuki hata kidogo majini, usiweke shambani. Toa ripoti kwa afisa wa kilimo wa wadi yako siku hiyohiyo.

Wiki hii pita ofisi ya chifu, uulize namba gani ya simu iko mbele ya jina lako. Mpeleke na jirani yako mzee asiyejua kusoma SMS.