Mstari wa Kati: Namna ya Kutayarisha Makala ya Isimu kwa Jarida

Mwanafunzi wa isimu akiisha kutetea memwari yake, mwalimu humwambia: "Sasa toa makala humo." Neno ni fupi, kazi ni ndefu. Mimi nimekuwa katika kazi hiyo miezi hii, nikitoa makala katika memwari yangu juu ya viambishi vya udogo ka- na tu- katika Kiswahili cha Lubumbashi. Hapa nataka kueleza hatua zake, hasa ile ambayo maelekezo ya majarida huigusa kwa mistari michache tu: kupanga mifano ya lugha kwenye ukurasa. Kwa maoni yangu makala ya isimu husimama au huanguka hapo. Mambo mengine mhariri anaweza kuyanyoosha. Mfano ulioandikwa vibaya hawezi kuunyoosha, kwa kuwa yeye hakuisikia sauti.

Kwanza ukubwa. Memwari huandikwa ili watahini waone kwamba mtu amesoma. Makala humwendea msomaji anayejua tayari Meinhof na Guthrie walifanya nini. Kwa hiyo historia ya jiji tangu 1910, ramani, na ile sura ya kufafanua maneno, vyote vinatoka. Katika sura zangu nne imebaki moja na nusu. Usikate lakini kabla ya kuchagua jarida. Swahili Forum, linalotoka mtandaoni, na Kiswahili, jarida la TATAKI katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huchapisha makala za Kiswahili. Africana Linguistica la Tervuren, lililoanza 1962, limejaa makala za Kifaransa na Kiingereza juu ya lugha za Kibantu. Wasomaji ni tofauti, na utangulizi nao utakuwa tofauti. Chukua makala mbili za karibuni za jarida ulilochagua, uziweke kando ya yako, uangalie vichwa vidogo, marejeo, majedwali. Utajifunza upesi kuliko kwa kusoma maelekezo peke yake. (Na barua pepe inayokusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa dola kadhaa, ifute.)

Sasa mifano. Desturi ya isimu ni mistari mitatu: juu, maneno ya msemaji yaliyogawanywa kwa mofimu, katikati, glosi, chini, tafsiri huru ndani ya alama moja za kunukuu. Kanuni zinazofuatwa na majarida mengi ni Kanuni za Glosi za Leipzig, zilizotungwa na wanaisimu wa Taasisi ya Max Planck na wa Chuo Kikuu cha mji huo. Ziko 10, na kurasa zake si nyingi. Mbili ndizo zinazotuhusu kila siku: kila neno la mstari wa kati lianzie chini ya neno lake la juu, na idadi ya vistari vifupi katika mistari hiyo miwili iwe sawasawa. Tazama:

(1) tu-toto    tu-na-chez-a
    13-mtoto   13-WLP-cheza-KI
    'Watoto wadogo wanacheza.'

(2) tu-na-chez-a
    1WG-WLP-cheza-KI
    'Sisi tunacheza.'

WLP ni wakati uliopo, KI ni kiishio, 1WG ni nafsi ya kwanza wingi, na tarakimu peke yake ni ngeli. Vifupisho vya Kiswahili vinaruhusiwa katika makala ya Kiswahili, ila viorodheshwe vyote mahali pamoja. Majarida mengine yanataka vile vya kimataifa.

Neno tunacheza katika (1) na (2) lina herufi zilezile. Katika memwari mtu anaweza kuliandika, akatafsiri, akaendelea na safari. Mstari wa kati haukubali. Unakulazimisha useme kama tu- hiyo ni ngeli ya 13 au ni sisi, na ukisema 13 unakuwa umetoa hoja: kwamba kiambishi cha udogo kinatawala kitenzi pia. Chukulia sasa msemaji mwingine anasema hivi:

(3) tu-toto    ba-na-chez-a
    13-mtoto   2-WLP-cheza-KI
    'Watoto wadogo wanacheza.'

Tafsiri ni ileile, lakini 13 ya jina haikutani na 2 ya kitenzi. Hapo ndipo swali la kisayansi lilipo: nani anasema vile, nani anasema hivi, na kwa nini. Mtu aliyeandika mistari miwili tu, maneno na tafsiri, anaweza kukaa na rekodi zake mwaka mzima bila kuliona swali hilo.

Kuna jaribu moja kubwa kwetu sisi wa Kongo. Shuleni tulifundishwa kwamba kuna Kiswahili bora na kwamba cha nyumbani kimeharibika. Basi mkono unapoandika mstari wa juu, unasahihisha wenyewe: batoto inakuwa watoto, mutu inakuwa mtu, balikuya inakuwa walikuja. Mwandishi anadhani anamheshimu msemaji wake. Kumbe amemwondoa, na ngeli ya 13 imeondoka pamoja naye, kwa sababu tutoto ikishakuwa watoto wadogo hakuna tena kitu cha kuchunguza. Kiswahili sanifu kina mahali pake, nacho ni mstari wa tatu. Mstari wa kwanza ni wa masikio. Hata jina la lugha liandikwe wazi: katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, mbali na swh ya Kiswahili cha mashariki.

Anayetaka kuona kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu atafute kitabu cha Johannes Fabian cha mwaka 1990 juu ya Msamiati wa Jiji la Elisabethville, andiko la André Yav la 1965, lililotungwa kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Yav alipiga chapa Kiswahili chake jinsi alivyokisikia, na mipaka ya maneno yake ni shida kusoma kwa macho. Fabian hakulisafisha andiko. Alilichapisha lilivyo, kisha akamwomba Kalundi Mango, mzaliwa wa lugha hiyo, alisome kwa sauti, na usomaji huo ukaandikwa kando ya andiko la asili. Msomaji ana vyote viwili na anaweza kubishana na mhariri. Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Mimi sijaona mfano bora zaidi wa kutofautisha kilichoandikwa, kilichosikiwa na kilichofasiriwa.

Kuhusu kompyuta nitasema machache. Mifano ipangwe kwa jedwali lisilo na mistari au kwa vituo vya tabo, kamwe si kwa kubonyeza nafasi. Jaribio ni rahisi: badilisha fonti ya muswada mzima, mifano ikisambaratika, ulitumia nafasi. Zima masahihisho ya moja kwa moja, la sivyo programu iliyowekwa Kifaransa itaweka herufi kubwa mwanzoni mwa kila mfano na kugeuza alama zako za kunukuu. Wenzangu wanaofanya Lingala au Kilega wana mtihani zaidi. Kibodi zetu za Kifaransa zina é tayari, lakini ɛ yenye toni ya juu haina herufi moja katika Yunikodi. Ni herufi mbili zinazopandana, ɛ na alama ya toni. Fonti isiyojua kuzipandanisha itaitupa toni pembeni, au itaweka kisanduku kitupu. Charis SIL na Doulos SIL hazitozwi pesa na zinaifanya kazi hiyo. Tuma daima nakala ya PDF pamoja na faili ya kawaida, mhariri aone ulichokusudia.

Majina nayo yana mambo. Majarida mengi hupeleka makala kwa wahakiki bila jina la mwandishi. Kufuta jina ukurasa wa kwanza hakutoshi: liko katika sifa za faili, katika shukrani, na katika sentensi kama "nilivyoonyesha katika memwari yangu". Wasemaji wako pia wafichwe, na hapa herufi za kwanza za jina ni pazia jepesi sana. Katika mtaa mmoja, mama wa miaka sitini anayeuza makaa anajulikana hata bila jina. Tumia namba, umri wa kukadiria, na komini. Na ukitaja komini, uandike "komini ya Kenya, Lubumbashi", maana msomaji wa mbali akikuta "msemaji wa Kenya" atakwenda Nairobi.

Jina lako mwenyewe uliamue mapema. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na orodha za marejeo za wageni hushika lolote lililo mwisho. Mudimbe aliyefundisha hapa Lubumbashi alikuwa Valentin-Yves, na Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972 akawa Vumbi Yoka, lakini V. Y. Mudimbe ilibaki kwenye majalada, na vitabu vyake vyote vinapatikana chini ya jina moja. Si kila mtu atabahatika na herufi zake namna hiyo. Namba ya ORCID ni ya bure na inasaidia.

Ikisiri iandikwe mwisho, na iseme ulichokipata badala ya ulichokusudia kutafuta. Majibu ya wahakiki yakifika, tengeneza jedwali: safu moja maneno yao, ya pili jibu lako, ya tatu ukurasa uliobadilishwa. Mengi yakubali, hata yale ya koma. Mhakiki akiandika kwamba batoto ni kosa la uandishi na inapaswa kuwa watoto, mjibu kwa adabu, umpe namba ya rekodi na dakika yake, kisha katika safu ya tatu uandike: haikubadilishwa.