Vimelea wa Ngozi: Tekenya na Utitiri wa Upele

Soma swali hili kabla ya maelezo.

Mwanafunzi wa Sapiwi, wilayani Bariadi, hutolewa tekenya miguuni kwa pini. Kila baada ya wiki chache huwa na wengine. Eleza kwa nini. (Alama 6)

Usikimbilie kuandika "kwa sababu ni mchafu". Jibu hilo halina alama, na si la haki. Wapo wanaoacha shule kwa kuchekwa namna hiyo, wakati nyumbani kwao maji hununuliwa kwa ndoo. Anza na mzunguko wa maisha wa kimelea.

Tekenya, ambaye wengi tunamwita funza, ni aina ya kiroboto mwenye urefu wa takriban milimita 1. Jina lake la kisayansi ni Tunga penetrans. Jike hujichimbia kwenye ngozi, hasa pembeni mwa kucha, kati ya vidole na kisiginoni. Kichwa huwa ndani kikinyonya damu. Sehemu ya nyuma hubaki kwenye kitundu kidogo. Kwa kitundu hicho hupumua, hupandwa na dume, hutoa kinyesi na kutaga mayai. Tumbo hufura hadi kufikia karibu ukubwa wa njegere. Baada ya wiki 4 hadi 6 hufia humohumo.

Sasa fuata yai, maana alama nyingi ziko hapo. Yai halikai mguuni. Huanguka chini, na baada ya siku 3 au 4 lava hutoka. Lava hula mabaki ya mimea na wanyama yaliyomo kwenye vumbi, huwa pupa, kisha tekenya kamili. Yote hayo huchukua takriban wiki 3. Kwa hiyo pini imemtoa mama, lakini watoto wako kwenye sakafu ya udongo anapolala mwanafunzi. Ongeza kwamba nguruwe, mbwa, mbuzi na panya nao ni wenyeji wa tekenya. Hata mguu wa mtu ukipona, mnyama ataendelea kudondosha mayai uani.

Ukiulizwa kwa nini vitongoji maskini vya mijini huathirika zaidi, tumia hoja hizohizo: chumba kimoja chenye watu wengi, sakafu isiyo na saruji, taka zisizozolewa, mifugo inayozurura na maji ya shida. Viatu husaidia, lakini havivaliwi kitandani.

Wanaosema ni laana ya ukoo wakumbushe historia. Tekenya ni mgeni kutoka Amerika. Mwaka 1872 aliletwa Angola kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa ameshafika Afrika Mashariki.

Pini inayotumiwa na watu wengi huweza kueneza homa ya ini aina B na virusi vya UKIMWI. Kidonda chenyewe huweza kuingiza pepopunda. Mafuta ya dimetikoni ni salama zaidi: huziba kile kitundu, tekenya akakosa hewa.

Upele usiuchanganye na tekenya. Husababishwa na utitiri, Sarcoptes scabiei, mwenye miguu minane kama kupe na buibui. Tekenya ni mdudu wa miguu sita. Utitiri hutaga mayai ndani ya ngozi, na huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda, kama watoto wanaolala kitanda kimoja. Anayeambukizwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki 4 hadi 6, lakini huambukiza wengine hata kabla ya kuwashwa. Ndiyo maana kaya nzima hutibiwa siku moja, pamoja na kufua nguo na mashuka.

Zoezi

1. Chora mzunguko wa maisha wa tekenya. Onyesha hatua zinazopita nje ya mwili wa mwenyeji. (Alama 5)

2. Familia ya watu sita ilimtibu upele mtoto mmoja tu aliyekuwa akijikuna. Tabiri kitakachotokea, ukitoa sababu mbili. (Alama 4)

3. Mwenye nyumba ana fedha za kufanya jambo moja tu: kununua viatu vya watoto au kuweka saruji chumba wanacholala. Mshauri, na utetee ushauri wako kwa kutumia mzunguko wa maisha wa tekenya. (Alama 6)