NIMFUATE NANI, NA NYIE MMEGAWANYIKA?

Kijana, Mkunazini unaliona kanisa la Anglikana, Minara Miwili la Katoliki, na sisi walokole tuko kivyetu. Unauliza, "Sasa nimfuate nani?" Swali zuri!

Mwaka 1913, huko Kikuyu, Kenya, Waanglikana walishiriki Meza ya Bwana pamoja na Wapresbiteri na Wamethodisti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi! Lakini mwaka 1920, kwenye mkutano wa Lambeth, London, Weston huyo huyo aliunga mkono wito wa kuwataka Wakristo wote waungane.

Soma Yohana 17:21. Yesu aliomba tuwe na umoja ili watu kama wewe wamwamini. Basi tukigombana, tunakuzibia njia. Utusamehe. Lakini usingoje tupatane. Aliyekufa msalabani ni mmoja. Mwite leo!