MADA YA 11: MALI ZISIZOSHIKIKA NA SEHEMU ZA BIASHARA KATIKA KAMPUNI YA PROGRAMU

Malengo: Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza ni mali gani isiyoshikika inayoingia kwenye mizania na ipi haiingii;
(b) kukokotoa gudwili na gharama ya kila mwaka ya mali isiyoshikika;
(c) kutambua sehemu za biashara zinazopaswa kutolewa taarifa;
(d) kueleza kwa nini gudwili hupimwa ndani ya sehemu yake.

11.1 Maana

Mali isiyoshikika ni mali isiyo na umbo na isiyo fedha taslimu, lakini inatambulika na inaletea biashara manufaa ya baadaye. Mifano ni programu za kompyuta, hataza, nembo na orodha ya wateja. Gudwili ni ziada anayolipa mnunuzi wa biashara juu ya thamani halisi ya mali zote zinazotambulika, baada ya kuondoa madeni.

11.2 Iliyotengenezwa ndani na iliyonunuliwa

Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Kwa mujibu wa kiwango cha IAS 38:

1. Gharama za utafiti ni matumizi ya mwaka huo. Haziingii kwenye mizania.
2. Gharama za uendelezaji huwa mali iwapo kampuni inathibitisha mambo yote sita: kazi inawezekana kiufundi, ipo nia ya kuikamilisha, upo uwezo wa kuitumia au kuiuza, italeta manufaa, rasilimali za kuimaliza zipo, na gharama zake zinapimika kwa uhakika.
3. Nembo na gudwili zilizojengwa ndani ya kampuni hazitambuliwi kamwe kuwa mali.

Kampuni ya Microsoft, inayofuata kanuni za Marekani, ni mfano mzuri. Katika mwaka wa fedha ulioishia tarehe 30 Juni 2017 ilitumia takriban dola bilioni 13.0 kwa utafiti na uendelezaji, na karibu zote ziliandikwa kama matumizi. Kwa hiyo jina Windows, linalojulikana dunia nzima, halina thamani yake kwenye mizania. Jina LinkedIn limo, kwa sababu lilinunuliwa.

11.3 Mfano: ununuzi wa LinkedIn, Desemba 2016 (dola bilioni)

Bei ya ununuzi: 27.0
Toa: mali zisizoshikika zinazotambulika: 7.9
Toa: mali nyingine baada ya kuondoa madeni: 2.3
Gudwili: 16.8

Ndani ya zile bilioni 7.9, mahusiano na wateja yalipangiwa miaka 7, majina ya biashara miaka 20, na teknolojia miaka 3. Teknolojia ilithaminiwa dola milioni 2,109. Kwa njia ya mgawanyo sawa:

2,109 ÷ 3 = milioni 703 kila mwaka

Debiti: Gharama ya upunguzaji wa thamani 703
Krediti: Upunguzaji limbikizi wa thamani 703

Jiulize kwa nini teknolojia ilipewa miaka 3 tu na jina miaka 20. Programu hupitwa na wakati upesi, lakini jina zuri hudumu.

Zingatia: Gudwili haigawanywi kwa miaka katika kampuni inayofuata viwango hivi. Hupimwa angalau mara moja kwa mwaka kuona kama thamani yake imeshuka.

11.4 Sehemu za biashara

Sehemu ya biashara ni tawi la kampuni linaloingiza mapato na kutumia gharama, lenye hesabu zake, na ambalo matokeo yake hupitiwa na mtoa maamuzi mkuu. Chini ya IFRS 8, sehemu hutolewa taarifa ikifikia asilimia 10 ya kimojawapo kati ya hivi: jumla ya mapato, faida au hasara, au jumla ya mali. Pia, mapato ya nje ya sehemu zote zilizotajwa lazima yafike asilimia 75 ya mapato ya nje ya kampuni nzima. Yasipofika, ongeza sehemu nyingine hata kama ni ndogo.

11.5 Mada hizi mbili zinakutana wapi?

Gudwili hugawiwa kwa matawi yatakayofaidika na ununuzi, na kundi linalopimwa haliruhusiwi kuwa kubwa kuliko sehemu moja ya biashara. Sababu ni hii: ikipimwa kwa kampuni nzima, tawi linalofanya vizuri litaficha udhaifu wa tawi linalodidimia.

Mwaka 2007 Microsoft ilinunua kampuni ya matangazo ya mtandaoni, aQuantive, kwa takriban dola bilioni 6.3. Mwaka 2012 ilikubali kwamba gudwili ya sehemu yake ya huduma za mtandaoni imeshuka kwa bilioni 6.2:

Debiti: Hasara ya kushuka kwa thamani 6.2
Krediti: Gudwili 6.2

Windows na Office ziliendelea kuuzwa vizuri. Hata hivyo, robo mwaka ile kampuni ilitangaza hasara ya dola milioni 492, ya kwanza tangu hisa zake zianze kuuzwa kwa umma. Angalia ingizo hilo tena: hakuna fedha taslimu iliyotoka mwaka 2012. Fedha ilitoka mwaka 2007. Kilichokuja baadaye ni ukweli kuhusu ununuzi ule.

11.6 Maswali ya kujipima

1. Kampuni ya kubuni ina mapato ya nje ya sh. milioni 500: A 300, B 130, C 45, D 25. Hakuna mauzo kati ya sehemu. Kwa kipimo cha mapato pekee, zipi zitatolewa taarifa? Je, sharti la asilimia 75 limetimizwa?
2. Mhasibu anataka kuandika kwenye mizania nembo ambayo kampuni imeijenga kwa miaka 10. Mshauri.

Majibu

1. Asilimia 10 ya 500 ni 50, hivyo A na B. Jumla yake ni 430, sawa na asilimia 86, sharti limetimizwa. Kabla ya kuziacha C na D, pima pia faida na mali zao.
2. Asiiandike. Gharama ya nembo iliyojengwa ndani haiwezi kutenganishwa na gharama ya kuendeleza biashara nzima.